Udhibiti wa Matoleo katika Hifadhidata za Lugha: Mfano wa Safu ya Ngeli katika Kamusi ya Kidijitali ya Kiswahili

Ikisiri

Waundaji wa programu za kompyuta wamezoea kuhifadhi msimbo wao katika mifumo ya udhibiti wa matoleo, ambamo kila badiliko hubaki na tarehe yake, jina la aliyelifanya na sababu yake. Hifadhidata ambazo msimbo huo unazitegemea, hata hivyo, mara nyingi huachwa nje ya utaratibu huo. Makala haya yanaeleza chanzo cha pengo hilo, hatari yake kwa hifadhidata za lugha, na namna ya kuliziba kwa kutumia hati za mageuzi zinazofuatana. Mfano unaochambuliwa ni wa hifadhidata ya kamusi ya Kiswahili ambayo safu yake ya ngeli inabadilishwa kutoka uainishaji wa kimofolojia kwenda uainishaji wa upatanisho wa kisarufi. Inahitimishwa kuwa historia ya mabadiliko ya hifadhidata ya lugha ni sehemu ya ushahidi wa kitaaluma, na kwamba uamuzi wa kuihifadhi hauwezi kuachiwa mafundi peke yao.

1.0 Utangulizi

Kamusi iliyochapwa haibadiliki mkononi mwa msomaji. Mtafiti anayeitaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu anaweza kubainisha iwapo ametumia toleo la 1981, la 2004 au la 2013, na yeyote anayetilia shaka maelezo yake anaweza kulifungua toleo hilohilo akahakiki. Tofauti kati ya matoleo hayo nazo ni data: zinaonesha maneno yaliyoingia, fasili zilizopanuliwa na tahajia zilizorekebishwa katika kipindi cha zaidi ya miaka thelathini.

Kamusi ya kidijitali haina ulinzi huo kwa asili yake. Ingizo linaweza kusahihishwa asubuhi, na kufikia adhuhuri pasiwe na alama yoyote kwamba jana lilisomeka vingine. Mtafiti aliyelinukuu juzi hana pa kuonesha alichokiona. Mhariri anayelikuta limebadilika hajui kama badiliko lilitokana na uamuzi wa jopo, kosa la kidole, au programu iliyopitia maingizo yote kwa mkupuo. Kadiri kamusi, hazina za istilahi na kongoo za Kiswahili zinavyozidi kuhamia katika kompyuta, ndivyo swali la nani alibadilisha nini, lini na kwa nini linavyozidi kuwa swali la kiisimu na si la kiufundi tu.

Waundaji wa programu walikabiliana na swali hilohilo kuhusu msimbo miongo mingi iliyopita, nao walipata jibu. Makala haya yanaeleza jibu hilo, sababu ya kuchelewa kufika katika hifadhidata, na namna linavyoweza kutumiwa na wanaolea data za Kiswahili.

2.0 Udhibiti wa Matoleo: Historia kwa Ufupi

Msimbo wa programu ni matini. Huandikwa, husahihishwa, hunakiliwa na kupitiwa na watu wengi, na kwa hiyo hupatwa na maradhi yaleyale yanayojulikana na wahakiki wa miswada ya tenzi za kale: nakala nyingi zinazotofautiana bila kujulikana ipi ilitangulia ipi. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa maabara za Bell nchini Marekani alibuni mfumo wa SCCS uliohifadhi kila badiliko la faili pamoja na maelezo yake. Mfumo wa RCS wa Walter Tichy ulifuata katika miaka ya 1980, kisha CVS na Subversion. Mwaka 2005 Linus Torvalds aliunda Git kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux, na mfumo huo ndio unaotumika kwa wingi leo.

Mifumo hii inatofautiana kwa mengi lakini inakubaliana katika misingi mitatu. Kwanza, kuna hazina moja inayotunza historia yote na si hali ya sasa pekee. Pili, kila badiliko huingizwa kwa kukusudia, likiambatana na jina la mhusika, wakati na maelezo ya sababu. Tatu, watu wanaweza kufanya kazi sambamba katika matawi tofauti, kisha matawi hayo yakaunganishwa, na mahali walipogusa mstari mmoja kwa namna mbili mfumo ukatangaza mgongano ili binadamu aamue.

Ifahamike kwamba nakala rudufu haitoshelezi haja hii. Nakala rudufu ya kila usiku huonesha hifadhidata ilivyokuwa usiku ule. Haielezi kilichobadilishwa kati ya usiku mmoja na mwingine, wala aliyekibadilisha, wala hoja aliyokuwa nayo. Ni kinga dhidi ya upotevu. Kumbukumbu ya maamuzi ni jambo jingine.

3.0 Kwa Nini Hifadhidata Ilibaki Nyuma

Hifadhidata nyingi za leo zinafuata mfumo wa kimahusiano uliopendekezwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Taarifa hupangwa katika majedwali. Kila jedwali lina safu wima zinazotaja aina ya taarifa, na safu mlalo zinazobeba taarifa zenyewe. Muundo wa majedwali huundwa na kurekebishwa kwa amri za lugha ya SQL.

Amri hizo ni matini, na matini huweza kuwekwa katika hazina kama msimbo wowote. Kikwazo kiko kwingine. Msimbo hauna kumbukumbu yake wenyewe: toleo jipya la programu likifika, la zamani hufutwa na jipya huwekwa mahali pake, na hakuna kinachopotea. Hifadhidata haiwezi kutendewa hivyo, kwa kuwa ndani yake mna kazi ya watu. Hifadhidata ya kamusi yenye maingizo yaliyokusanywa kwa miaka kumi haiwezi kufutwa na kujengwa upya kwa sababu tu mhariri anataka safu wima mpya. Lazima igeuzwe ikiwa hai, na data zikiwa ndani.

Tofauti ya pili ni kwamba badiliko la msimbo huweza kutenguliwa kwa urahisi, ilhali badiliko la data mara nyingine halitenguki. Safu wima ikifutwa, kurudisha amri iliyoiunda kutarudisha safu tupu. Jina la safu litarudi, lakini maelfu ya uamuzi yaliyokuwa ndani yake hayatarudi.

Kutokana na ugumu huu, katika miradi mingi ilizoeleka kwamba programu hudhibitiwa kwa uangalifu, huku hifadhidata ikirekebishwa moja kwa moja na mtu mmoja mwenye nywila, kwa amri alizoziandika papo hapo na kuzisahau. Mtu huyo akihama au akifariki, muundo uliobaki huwa kama jengo lisilo na ramani.

4.0 Njia Mbili za Kudhibiti

Mwanzoni mwa karne hii njia za kuondoa tatizo hilo zilianza kuandikwa kwa utaratibu. Mwaka 2003 Martin Fowler na Pramod Sadalage walichapisha maelezo ya usanifu wa hifadhidata unaokua hatua kwa hatua, na mwaka 2006 Scott Ambler na Sadalage walitoa kitabu kizima kuhusu ukarabati wa hifadhidata. Zana kama zile zilizomo katika mfumo wa Rails, na baadaye Liquibase na Flyway, ziliufanya utaratibu huo kuwa kazi ya kila siku.

Njia ya kwanza ni ya kutunza hali. Hazina huhifadhi maelezo ya muundo unaotakiwa, na zana hulinganisha maelezo hayo na hifadhidata iliyopo, kisha hutunga amri za kuondoa tofauti. Njia hii husomeka kwa urahisi kwa kuwa muundo wote uko mahali pamoja. Udhaifu wake ni kwamba zana huona tofauti bila kuona nia. Safu iliyoitwa “maana” ikiitwa “fasili” katika maelezo mapya, zana inaweza kudhani kwamba safu moja imefutwa na nyingine imezaliwa, ikatupa fasili zote.

Njia ya pili ni ya kutunza mageuzi. Kila badiliko huandikwa katika hati yake yenye namba: 0001, 0002, 0003 na kuendelea. Ndani ya hifadhidata yenyewe huwekwa jedwali dogo linaloorodhesha hati ambazo zimekwishatekelezwa. Zana husoma jedwali hilo, hulinganisha na hati zilizomo katika hazina, kisha hutekeleza zile tu ambazo bado, kwa mfuatano. Sheria moja hulinda utaratibu wote: hati iliyokwishatekelezwa haiguswi tena. Kosa likigunduliwa katika hati ya 0005, husahihishwa kwa hati mpya. Flyway, kwa mfano, huhifadhi alama ya ukaguzi ya kila hati na kukataa kuendelea ikiwa hati ya zamani imehaririwa kisirisiri.

Kwa hifadhidata za lugha, njia ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu inahifadhi nia pamoja na tendo. Mfano ufuatao unadhihirisha hoja hiyo.

5.0 Mfano: Safu ya Ngeli

Ichukuliwe hifadhidata ya kamusi yenye jedwali liitwalo “ingizo”, na ndani yake safu wima iitwayo “ngeli”. Walioianzisha walifuata uainishaji wa kimofolojia wa namba: mtu ni 1/2, mti ni 3/4, jambo ni 5/6, kitabu ni 7/8, nyumba ni 9/10. Baadaye jopo la wahariri linaamua kufuata uainishaji wa upatanisho unaofundishwa shuleni: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo.

Fundi aliye na haraka ataona kazi ni nyepesi. Ataandika amri moja ya kubadilisha kila 7/8 iwe KI-VI, kila 9/10 iwe I-ZI, na kuendelea. Matokeo yake kamusi itasema kwamba kipofu, kiongozi na kifaru ni KI-VI, ingawa msemaji husema kiongozi amefika, si kiongozi kimefika. Mtume na mitume watakuwa U-I, jambazi na majambazi LI-YA, na simba I-ZI. Akitambua kosa, atatunga amri ya pili ya kuwahamishia wote katika A-WA ndani ya safu ileile.

Hapo ndipo hasara isiyotenguka hutokea. Baada ya amri ya pili, kiongozi, mtume, jambazi na simba wote wana thamani moja, yaani A-WA. Taarifa kwamba wa kwanza ana umbo la 7/8, wa pili la 3/4, wa tatu la 5/6 na wa nne la 9/10 imefutika. Hakuna amri inayoweza kuirudisha kutokana na kilichobaki, kwa kuwa thamani nne zimemiminwa katika moja. Programu ya kukagua tahajia iliyotegemea safu hiyo ili kuunda wingi wa maneno itaanza kukosea, na hakuna atakayejua chanzo.

Kwa njia ya hati za mageuzi, badiliko hilohilo hugawanywa katika hatua ndogo. Hati ya 0012 huongeza safu mpya bila kuigusa ya zamani:

ALTER TABLE ingizo ADD COLUMN upatanisho VARCHAR(8);

Hati ya 0013 huijaza safu mpya kwa kanuni ya jumla, kwa mfano:

UPDATE ingizo SET upatanisho = 'KI-VI' WHERE ngeli = '7/8';

Hati ya 0014 huwatoa viumbe hai katika kanuni hiyo na kuwaweka katika A-WA. Hati hii haiwezi kutungwa na kompyuta peke yake, kwa kuwa hifadhidata haina safu inayosema neno gani linataja kiumbe hai. Orodha ya maneno hayo ni kazi ya mwanaisimu, na kwa kuwekwa katika hati, orodha hiyo inapata tarehe, jina la aliyeipitisha na nafasi ya kukosolewa. Hati ya 0015 huhesabu nomino ambazo safu yao mpya ni tupu, na hukataa kuendelea ikiwa hesabu si sifuri.

Katika kipindi chote hiki safu ya zamani ingalipo. Programu ya simu, tovuti na kikagua tahajia vinaendelea kuisoma. Vinahamishiwa katika safu mpya kimoja kimoja, na baada ya cha mwisho kuhama, hati nyingine hubadilisha jina la “ngeli” kuwa “umbo”, jina linaloeleza kwa usahihi kilichomo. Hakuna kilichofutwa, na taarifa mbili zilizokuwa zikigombania safu moja sasa kila moja ina mahali pake.

Mfano hauishii hapo. Baada ya muda mhariri anagundua kwamba neno rafiki lina tabia ya pekee: husemwa rafiki yangu amefika na marafiki zangu wamefika. Kitenzi kinafuata A-WA, bali kimilikishi kinafuata I-ZI. Simba hafanyi hivyo, kwani husemwa simba wangu. Ndugu, kwa upande wake, yuko pamoja na rafiki. Inahitajika safu ya tatu, na hati mpya ya kuijaza. Mtafiti atakayeikuta hifadhidata hiyo miaka ijayo, akashangaa kwa nini neno moja lina thamani mbili zinazoonekana kupingana, ataisoma hati hiyo na maelezo yake na kuelewa kwamba hilo ni uchambuzi wala si kosa. Bila hati, msahihishaji mwenye nia njema angeweza “kurekebisha” safu hiyo katika dakika moja na kuondoa kazi ya wiki kadhaa.

6.0 Timu Nyingi, Hifadhidata Moja

Kiswahili kinahudumiwa na taasisi zilizo katika nchi mbalimbali, na miradi ya data zake inazidi kuwa ya ushirikiano. Ushirikiano huo huleta tatizo jingine. Timu ya Kampala ikiongeza safu ya matamshi katika tawi lake na kuiita hati yake 0020, na timu ya Bujumbura siku hiyohiyo ikaongeza jedwali la mifano na kuiita hati yake 0020, matawi yakiunganishwa patakuwa na hati mbili zenye namba moja. Git haitaona mgongano, kwa kuwa mafaili ni tofauti. Zana ya mageuzi ndiyo itakayokwama. Kwa sababu hiyo mfumo wa Rails uliacha namba za mfululizo na kutumia mhuri wa wakati, yaani mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kama jina la hati. Namba hugongana kwa nadra sana, ingawa mfuatano wa hati bado unahitaji kukaguliwa na binadamu.

Jambo la pili ni tabia ya zana yenyewe. Katika PostgreSQL, amri nyingi za kubadilisha muundo zinaweza kufungwa katika muamala mmoja: hatua moja ikishindikana, zote hutenguliwa. Katika MySQL, amri ya kubadilisha muundo hukamilisha muamala papo hapo, hivyo hati yenye amri tano inaweza kukatika baada ya ya tatu na kuiacha hifadhidata nusunusu. Timu inayotumia MySQL inashauriwa kuweka amri moja ya muundo katika kila hati.

Ushirikiano huo huibua pia tofauti za istilahi, na hapo udhibiti wa matoleo hutoa msaada usiotarajiwa. Dhana inayojadiliwa katika makala haya yenyewe ina majina mawili: hifadhidata na kanzidata. Kompyuta huitwa pia tarakilishi nchini Kenya, na ngamizi iliwahi kupendekezwa Tanzania. Hazina ya istilahi isiyotunza historia humlazimisha mhariri kuchagua moja na kufuta nyingine. Inayotunza historia humwezesha kuandika kwamba istilahi fulani ilipendekezwa lini, na nani, na iliachwa kwa sababu gani. Usanifishaji unapoacha kumbukumbu ya aina hiyo, mjadala unaofuata huanzia ulipoishia uliotangulia.

7.0 Kinachostahili Kuingia Hazinani na Kisichostahili

Si kila kilichomo katika hifadhidata kinapaswa kuwekwa katika hazina. Vitu vitatu vinastahili: hati za muundo, hati za kugeuza data, na majedwali ya marejeo, kwa mfano orodha ya ngeli, orodha ya aina za maneno na orodha ya lahaja. Majedwali hayo ni mafupi, hubadilika kwa nadra, na kila badiliko lake ni uamuzi wa kitaaluma.

Maingizo yenyewe yanaweza kutunzwa kwa njia nyingine, kwa kuongeza jedwali la historia ndani ya hifadhidata linalopokea nakala ya kila ingizo kabla halijahaririwa. Pamoja na hayo, ni vyema kutoa toleo lililofungwa na kupewa namba kwa vipindi maalumu, ili watafiti wawe na kitu cha kunukuu, kama walivyokuwa nacho katika kamusi iliyochapwa.

Nywila za seva hazipaswi kuingia hazinani kamwe, wala majina na sauti za watoa taarifa. Sifa inayoifanya hazina iwe na thamani, yaani kutosahau, ndiyo inayoifanya iwe hatari kwa siri: kilichoingizwa leo na kufutwa kesho bado kinasomeka katika historia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mradi wa lahaja unaokusanya sauti za wazee katika nchi hizo una wajibu wa kisheria, na kabla ya sheria una wajibu wa kiutu kwa waliokubali kuzungumza.

8.0 Suala la Istilahi

Kueleza mambo haya kwa Kiswahili kunahitaji uteuzi wa maneno wenye sababu. Udhibiti wa matoleo unafaa kuliko udhibiti wa msimbo, kwa kuwa kinachodhibitiwa kinaweza kuwa msimbo, muundo au data. Tawi, kuunganisha na mgongano ni maneno ya kawaida ambayo maana yake ya kiufundi haiko mbali na ya kila siku. Neno ambalo wahandisi hulitumia kwa Kiingereza kuitaja hati ya kubadilisha hifadhidata lina maana ya kuhama, na tafsiri yake ya moja kwa moja, uhamishaji, hupotosha: data haziendi popote, bali hubadilika zikiwa zilipo. Mageuzi hubeba dhana ya badiliko la hatua kwa hatua la kitu kinachoendelea kuishi, na ndiyo maana hati ya mageuzi imependelewa humu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hifadhidata ilichelewa kuingia katika udhibiti wa matoleo kwa kuwa ina kumbukumbu ambayo msimbo hauna, na kwamba kumbukumbu hiyo ndiyo sababu ya kuidhibiti kwa uangalifu zaidi. Mfano wa ngeli umedhihirisha kuwa amri mbili zilizoandikwa kwa haraka zinaweza kufuta tofauti ambazo wanasarufi wa Kiswahili wamezichambua kwa zaidi ya karne moja, na kuwa hati chache zilizopangwa zinaweza kuzihifadhi zote.

Inapendekezwa kwamba miradi ya kamusi na istilahi za Kiswahili iweke sharti la hati za mageuzi tangu siku ya kwanza. Kwamba maelezo ya kila hati yaandikwe kwa Kiswahili na mtaalamu wa lugha aliyefanya uamuzi. Na kwamba idara zinazofundisha leksikografia ziwafundishe wanafunzi wao kusoma historia ya hazina kama wanavyofundishwa kulinganisha matoleo ya kamusi. Mwanaleksikografia asiyejua kuuliza hati ya 0014 iko wapi atabaki mgeni katika kamusi aliyoiandika mwenyewe.